Mikuki Imekwisha

Swali la insha hii lilizaliwa sebuleni kwa mjomba wangu, katika likizo ya Desemba. Nilikuwa nimekaa na kompyuta mapajani nikicheza Age of Empires II, na mjomba akaja akasimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai. Kwa kawaida hana muda na michezo hiyo. Siku hiyo alitazama kwa muda bila kusema neno, kisha akauliza, "Hao wenye mikuki, mbona unawapeleka wote wakafe?"

"Hao ni wa bei nafuu, mjomba," nikajibu bila kugeuka. "Nitatoa wengine."

"Bei nafuu kiasi gani?"

Nikamweleza. Alisikiliza kama anavyosikiliza taarifa ya habari, akavuta kiti, na mwisho akaniambia jambo ambalo nitalifikia baadaye. Kwanza ni lazima niueleze mchezo wenyewe, kwa sababu najua baadhi ya wahadhiri watakaosoma insha hii hawajawahi kuucheza. Wenzangu walioucheza wanajua kwamba hesabu yake si ya kitoto.

Age of Empires II ilitoka mwaka 1999, na toleo jipya la mwaka 2019 ndilo tunalocheza hosteli. Ni mchezo wa mkakati usio na zamu: wewe na adui yako mnalima, mnachimba, mnajenga na kupigana kwa wakati mmoja, na anayekawia huadhibiwa. Mali ziko za aina nne, yaani chakula, mbao, dhahabu na mawe. Kila askari ana bei yake. Askari wa mkuki hugharimu chakula 35 na mbao 25. Mpanda farasi mwenye deraya hugharimu chakula 60 na dhahabu 75. Ukijumlisha, mmoja ni 60 na mwingine ni 135, lakini jumla hiyo inadanganya kidogo kwa sababu mali hizo hazilingani. Shamba likichoka hupandwa upya, miti iko mingi, ila dhahabu ya ardhini ikishachimbwa imekwisha. Mchezo ukirefuka, aliyezoea dhahabu hubaki akiitafuta kwa misafara ya biashara, kidogo kidogo. Ndiyo maana askari wasiohitaji dhahabu hata chembe wana jina lao la pamoja miongoni mwa wachezaji. Wanaitwa takataka.

Jina hilo, ajabu, halina dharau. Anayejua kuzitumia takataka ndiye anayeogopwa. Askari wa mkuki ana pointi 45 za uhai, mpanda farasi ana 100. Pigo la mkuki ni 3 tu, lakini likimpata farasi huongezewa 15. Mmoja kwa mmoja, kabla ya maboresho yoyote, mpanda farasi hushinda. Wawili kwa mmoja, mpanda farasi hufa, ingawa kwa kawaida mmoja wa wale wawili hutangulia. Sasa tufanye hesabu. Wawili ni 120, bado pungufu ya 135. Umepoteza 60 zisizo na dhahabu, mwenzako amepoteza 135 ambazo ndani yake mna dhahabu 75. Biashara hiyo ikirudiwa mara 40, yeye ametupa dhahabu 3,000 na wewe umepunguza msitu. Mimi hupenda kuchagua Wahabeshi, walioongezwa katika mchezo mwaka 2015, kwa sababu maboresho ya mikuki yao ni ya bure. Marafiki zangu wanasema huo ni ubahili. Wananisema hivyo wakiwa wameshindwa.

Lakini hesabu haiishii kwenye bei, na hapo ndipo mchezaji mchanga huanguka. Kwa kawaida kila mchezaji ana nafasi 200 za watu. Mpanda farasi anachukua nafasi moja, na askari wa mkuki naye anachukua nafasi moja ileile. Mwanzoni, wakati ghala liko tupu, kinachobana ni bei, na mkuki ni mali. Nafasi zikijaa, kinachobana si bei tena. Kila dhaifu uliyenaye amekalia kiti cha mwenye nguvu, na hapo wahenga wanapata haki yao: rahisi ni ghali. Kwa hiyo hakuna askari aliye nafuu kwa asili yake. Unafuu ni uhusiano kati ya askari, upungufu ulio nao wewe saa hiyo, na adui aliye mbele yako. Mkuki huohuo uliomshinda farasi huyeyuka mbele ya warusha mishale.

Na kuna jambo la pili, ambalo mimi binafsi lilinishangaza. Mwaka 1916 mhandisi Mwingereza, Frederick Lanchester, alichapisha kitabu kuhusu ndege za vita, na ndani yake akaonyesha kwamba nguvu ya kundi linalopigana kwa silaha za mbali hukua kwa kipeo cha pili cha idadi yake. Warusha mishale 20 wakikutana na 10 wa ubora uleule na kupigana mpaka mwisho, mtu angedhani watabaki 10. Kwa hesabu ya Lanchester hubaki kama 17, kwa sababu 400 ukitoa 100 ni 300, na kipeuo cha pili cha 300 ni 17 na kitu. Wingi unawalinda walio ndani yake. Mchezaji anayewatuma askari watano watano, kwa kudhani anabana matumizi, ndiye anayewaua wengi zaidi. Nimeliona hili mara nyingi hosteli: yule anayejali kila askari, anayemrudisha nyuma aliyejeruhiwa, anayekataa vita mpaka wametimia, ndiye pia mwenye hesabu nzuri mwishoni. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba kuhesabu gharama na kujali ni maadui. Ndani ya mchezo mara nyingi ni kitu kimoja.

Mfano bora ni mwanakijiji. Mwanakijiji hugharimu chakula 50, basi. Kwa bei, yuko chini hata ya takataka yenyewe. Hata hivyo hakuna mchezaji mwenye akili anayemtoa mwanakijiji afe. Tunawafungia ndani wakishambuliwa, tunapiga kelele wakiuawa wawili, tunazitaja saa na dakika: "Waliniua wanakijiji wanne mapema, ndipo niliposhindwa." Bei yake ni ile anayogharimu kuja duniani. Thamani yake ni yote atakayofanya akibaki hai: shamba, mgodi, ukuta. Mchezo wenyewe, bila kuambiwa na mwanafalsafa yeyote, unatofautisha bei na thamani.

Sasa nigeukie lugha, maana sisi ni wanafunzi wa Kiswahili na jambo hili liko mdomoni mwetu. Tukicheza, hatusemi "askari wangu wa mikuki wamekufa." Tunasema, "Mikuki yangu imekwisha." Lakini hakuna niliyemsikia akisema wanakijiji "vimekwisha" au "imekwisha." Wanakijiji wameuawa. Kiswahili, kama tulivyofundishwa katika sarufi, hakikubali kwa urahisi kumwondolea mtu utu wake. Kiongozi yuko katika umbo la ki-, lakini anasema, hakisemi. Askari hana kiambishi cha mtu, lakini amefika, haijafika. Upatanisho unadai a- na wa- kwa kila chenye roho. Tunachofanya wachezaji ni kuizunguka sheria hiyo kwa kumtaja mtu kwa kitu alichoshika. Tukishamwita mkuki, sarufi inaturuhusu kusema umekwisha, kama sukari. Mjomba aliponisikia nikisema hivyo alicheka. Akasema jeshini nako walihesabu hivyohivyo: bunduki 30 zimekwenda upande wa mto, bunduki 12 zimebaki.

Kiswahili changu cha kwanza nilikipata kwa mjomba huyu. Hapa Uganda lugha hii ilikuwa kwa muda mrefu lugha ya kambini, na wako watu mpaka leo wanaoishtukia kwa sababu hiyo. Yeye alikuwa askari, akastaafu mapema, na mwaka 2009 akaenda Iraki. Alikwenda kama mlinzi, kwa mkataba na kampuni iliyolinda kambi za Wamarekani. Waganda wengi walikwenda. Kwa maneno yake, wenzake waliotangulia mwaka 2005 waliahidiwa dola 1,000 kwa mwezi. Mkataba wake yeye ulisema 600. Waliokuja baada yake walipewa chini ya hapo. Alisimama langoni saa 12 kwa siku. Alisema langoni hapo kila mtu alijua mshahara wa mwenzake: Mmarekani juu kabisa, watu wa Peru katikati, Waganda chini. Bomu, alisema, halikuwa na madaraja hayo.

Hilo ndilo jambo aliloniambia siku ile akiwa na chai yake. Nilipomaliza kumweleza habari ya mikuki na farasi, ya dhahabu na mbao, akaniambia, "Basi ndiyo sisi. Sisi tulikuwa wa mbao." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu aliyepata hatimaye jina la ugonjwa aliokuwa nao zamani.

Nilijisikia vibaya, nikasema jambo la kijana aliyesoma nusu mwaka wa falsafa: kwamba ule ulikuwa udhalimu, kwamba binadamu hana bei. Mjomba akanikata. "Kama ningekuwa ghali wangeniacha. Wangemchukua mwingine. Na wewe ungesoma kwa nini?" Ni kweli. Karo yangu ya sekondari ilitoka katika zile dola 600. Nyumba tuliyokuwa tumekaa ina bati kwa sababu mtu fulani, katika ofisi ambayo hatutaiona, alipanga walinzi kwa bei na akamkuta Mganda chini ya orodha. Mimi ninayeuliza swali hili ni sehemu ya faida ya hesabu hiyo. Msomaji aniwie radhi, basi, kama siwezi kulijibu kwa mkono msafi.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, aligawa vitu katika mafungu mawili: vyenye bei, ambavyo kingine cha thamani ileile kinaweza kuchukua nafasi yake, na vyenye heshima isiyolinganishwa na chochote, na mtu akamweka katika fungu la pili. Askari wa mkuki katika mchezo ni bei tupu. Akifa huyu, anayetoka kambini baada yake ni yuleyule, uso uleule, sauti ileile. Kwa Kant, kosa lingekuwa kumfanyia mjomba kile ninachomfanyia mkuki. Naikubali tofauti hiyo, lakini hainitoshi. Mwalimu mkuu anayeajiri walimu watatu badala ya wanne anahesabu. Daktari mmoja mwenye wagonjwa 60 anahesabu. Kamanda mwema kuliko wote, anayewapenda vijana wake, anahesabu, na asipohesabu atawaua. Tukisema kuhesabu watu ni dhambi, tumewahukumu hata wale wanaowaokoa. Na mjomba hakuniomba nimwondoe katika hesabu. Alijua bei yake na aliitumia kama mfanyabiashara anavyotumia duka lililo pembeni mwa mji, mahali kodi ni ndogo.

Kwa hiyo nilianza kutafuta tofauti mahali pengine, na nadhani niliipata kwa mwenzake.

Mjomba alikuwa na mwenzake mmoja, wa kikosi kimoja tangu jeshini, aliyeumia mguu huko Iraki. Alirudi nyumbani na mkoba na barua. Malipo ya kuumia yalikuwa na fomu, fomu zilikuwa na ofisi, ofisi ilikuwa nchi nyingine. Mke wake alikuwa na meza ya nyanya na vitunguu sokoni. Aliiacha ili amtunze, kwa sababu miezi ya kwanza mtu huyo hakuweza kufika chooni peke yake. Binti yao mkubwa akatoka shule. Sasa nauliza: katika ile hesabu iliyoonyesha kwamba mlinzi Mganda ni nafuu, meza ile ya nyanya iliandikwa wapi?

Haikuandikwa. Na hapo ndipo mchezo na dunia vinapoachana. Ninapowapeleka askari wangu 20 wa mikuki wakafe, hasara yote ni yangu. Chakula 700 na mbao 500 zimetoka ghalani kwangu, lango langu limebaki wazi, na kama nimekosea, nitakayeshindwa ni mimi. Mkuki hana mke sokoni. Hakuna kijiji nje ya ramani kinachobeba nusu ya gharama kimyakimya. Mchezo mwishoni unaleta jedwali la waliouawa na waliopotea, na jedwali hilo, kwa ulimwengu wake, limekamilika. Nimekuwa nikicheza kwa miaka sita, na nafikiri zoea baya nililolipata humo ni hilo: kuamini kwamba bei iliyoandikwa ndiyo bei yote. Ukatili sikujifunza. Rafiki yangu mpole kuliko wote ndiye mchezaji hodari kuliko wote. Ila nikisikia kwamba kitu au mtu ni nafuu, bado mwili wangu hupokea habari hiyo kama habari njema, kabla sijauliza nafuu kwa nani.

Ipo tofauti ya pili. Bei ya mkuki imewekwa na watengenezaji, na haishuki kwa sababu mikuki mingine ina njaa. Mtu atanikumbusha Wagothi, ambao askari wao wa miguu hupata punguzo linaloongezeka kadiri enzi zinavyopanda. Sawa, lakini punguzo hilo ni zawadi iliyoandikwa katika sheria, na kila mchezaji analiona. Bei ya mjomba ilishuka kutoka 1,000 hadi 600 bila yeye kupungua kitu. Macho yalikuwa yaleyale, na lango lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni kwamba nyuma yake palikuwa na foleni. Mtu alikuwa nafuu kwa sababu jirani yake alikuwa na shida zaidi, na jirani wa jirani zaidi. Sioni jinsi ya kuuita huo uchaguzi huru bila kumeza mate kwanza. Lakini pia sioni jinsi ya kumwambia mjomba, aliyeuchagua, kwamba hakuchagua.

Msimamo wangu, kwa sasa, ni huu. Anayechagua wa bei nafuu hajakosa kwa kuchagua hivyo. Amekosa ikiwa sehemu ya bei imelipwa na mtu ambaye hakukaa mezani, naye anajua, au angejua kama angeuliza. Kama kampuni ile ingelazimika kuilipia meza ya nyanya, na mguu, na miaka ya shule ya yule binti, basi ihesabu inavyotaka. Huenda Mganda bado angekuwa nafuu. Huenda asingekuwa, na mimi ningesoma shule nyingine au nisingesoma. Nimelifikiria hilo zaidi ya mara moja nikiwa kitandani, na sitajifanya kwamba nalipenda.

Mwenzangu wa chumba, aliyesoma rasimu ya insha hii, ananiambia nimeupakia mchezo mzigo usio wake, kwamba zile ni picha tu. Ni picha, nakubali. Sijamkosea mkuki hata mmoja, na kesho nitawatoa wengine.

Siku ile, baada ya mazungumzo, mjomba aliomba ajaribu. Nikamwonyesha jinsi ya kuwaita askari na kuwaamuru, nikamwekea adui wa kiwango cha chini kabisa. Aliunda askari wa mikuki 30. Nilimwambia ashambulie; alikuwa na nguvu ya kutosha. Hakutaka. Aliwapanga wote langoni, safu mbili, akawa anawahesabu kwa kidole juu ya kioo cha kompyuta, na kila mmoja aliposogea nje ya safu alimrudisha. Adui alipokuja, alikuja na watu wachache, wakafa langoni. Kisha akaja tena. Giza likaingia, mkewe akatuita mezani mara mbili, na mjomba bado alikuwa analinda lango la mji ambao nyuma yake hakuwa amejenga mengi zaidi ya nyumba chache na shamba.

"Mjomba, hivi huwezi kushinda," nikamwambia.

"Wako wangapi?" akauliza, macho yakiwa kwenye kioo.

Nikahesabu. "Ishirini na tisa."

"Yule mmoja alikwenda wapi?"